Muulize Shangazi wa Seva: "Nimewekwa kwenye kundi, mbona kompyuta hainitambui?"

Mwezi huu barua karibu zote zinahusu makundi ya watumiaji kwenye kompyuta inayotumiwa na watu wengi. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu ukiielewa hiyo, nyingine zinalainika.

SWALI: Shikamoo shangazi. Naingiza takwimu kwenye ofisi moja hapa Area D inayofuatilia mashamba ya zabibu. Maafisa wakirudi na madaftari yao kutoka Hombolo na Mpunguzi, sisi tunayaingiza kwenye kompyuta moja yenye Ubuntu (aina ya Linux), kila mtu na akaunti yake. Msimamizi wa mfumo yuko Dar es Salaam. Alinipigia akasema ameshaniweka kwenye kundi la zabibu ili niweze kufungua folda ya mavuno. Nikijaribu, naambiwa sina ruhusa. Nimefunga terminali (dirisha la kuandikia amri) na kuifungua tena, wapi! Mwenzangu akaniambia niandike *newgrp zabibu*. Kweli folda ikafunguka, lakini kwenye dirisha lile tu. Nikifungua dirisha jingine, narudi palepale. Nani muongo hapa, msimamizi au kompyuta? — *Mwingiza takwimu, Area D*

JIBU: Marahaba mwanangu. Hakuna muongo. Msimamizi amekuweka kweli, na kompyuta inakukatalia kwa haki. Tuseme akaunti yako inaitwa afisa3. Fungua terminali mpya, andika *id* peke yake, halafu uandike *id afisa3*. Utaona kitu kama hiki:

    $ id
    uid=1003(afisa3) gid=1003(afisa3) groups=1003(afisa3)
    $ id afisa3
    uid=1003(afisa3) gid=1003(afisa3) groups=1003(afisa3),1012(zabibu)

Majibu mawili tofauti kwa mtu yuleyule. Amri ya pili imekwenda kusoma orodha, yaani faili la /etc/group, na huko jina lako lipo. Amri ya kwanza haikusoma orodha ya nani yumo wapi. Imeuliza hiyo programu unayoandikia amri: wewe umebeba makundi gani? Nayo imejibu ilichobeba.

Ukienda ofisi yoyote ya serikali kule Mtumba, getini wanaandika unakokwenda na kukupa beji ya mgeni. Ukiwa ndani, mtu wa getini akiongeza jina lako kwenye orodha ya ofisi nyingine, beji iliyo shingoni mwako haibadiliki. Kompyuta nayo iko hivyo. Unapoingia asubuhi kwa jina na neno la siri, mfumo unasoma orodha ya makundi mara moja, unaukabidhi mchakato wa kwanza, yaani programu ya kwanza inayoendeshwa kwa jina lako, namba za makundi yako, basi. Kila programu inayozaliwa na mchakato huo inarithi namba zilezile. Hairudi kuuliza orodha.

Sasa utaelewa kwa nini kufunga terminali hakukusaidia. Terminali ni mtoto wa eneokazi ulilolifungua asubuhi, na eneokazi bado lina namba za asubuhi. Kila dirisha jipya linazaliwa na mama yuleyule. Unatakiwa utoke kabisa, mpaka kwenye skrini inayouliza neno la siri, halafu uingie upya. Kama unatumia tmux au screen (programu za kushikilia madirisha ya terminali), angalia vizuri: ile seva yake inabaki hai hata ukitoka, na madirisha yake yataendelea na makundi ya zamani mpaka uiue. Nimeona watu wazima wakigombana na msimamizi wao asubuhi nzima kwa sababu ya tmux iliyowashwa wiki iliyopita.

Na *newgrp*? Hiyo haibadilishi programu uliyomo. Inakwenda kusoma orodha upya, inahakikisha umo, kisha inawasha programu mpya ya amri juu ya ile ya zamani, ikiwa na kundi la zabibu. Ndiyo maana folda ilifunguka kwenye dirisha lile tu. Ukiandika *exit*, ile mpya inakufa na unarudi kwenye ya zamani, bila zabibu. Ukiwa mtu wa kuandika *newgrp* kila ukikwama, jioni utakuta umepanda ghorofa sita na itabidi uandike *exit* mara sita kabla dirisha halijafungika.

Amri hii ni ya zamani. Ilikuwemo tayari katika toleo la 6 la Unix (mfumo wa kompyuta uliotangulia Linux), la mwaka 1975, kutoka Bell Labs kule Marekani. Enzi hizo mchakato ulibeba kundi moja tu. Kama ulikuwa wa makundi mawili, ulilazimika kuhama kutoka moja kwenda jingine, na *newgrp* ndiyo iliyokuhamisha. Mwaka 1983 watu wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley wakatoa 4.2BSD, toleo lao la Unix, na humo mchakato ukaweza kubeba kundi kuu pamoja na makundi ya ziada kwa wakati mmoja. Linux imechukua mtindo huohuo. Kwa hiyo leo, mtu aliyeingia upya na yumo kwenye zabibu hahitaji *newgrp* ili asome folda. Kundi la ziada linatosha.

Basi imebaki na kazi gani? Kwanza ni hiyo uliyoifanya: kuchukua kundi jipya bila kufunga kazi zako zote. Pili ni kubadili kundi kuu, kwa sababu faili jipya kwa kawaida huandikwa kwa jina la kundi kuu la aliyelitengeneza, si makundi yake ya ziada. Jaribu mwenyewe kwenye folda yako ya nyumbani:

    $ touch kabla.txt
    $ newgrp zabibu
    $ touch baada.txt
    $ ls -l kabla.txt baada.txt
    -rw-rw-r-- 1 afisa3 zabibu 0 Mar  4 09:12 baada.txt
    -rw-rw-r-- 1 afisa3 afisa3 0 Mar  4 09:11 kabla.txt

Mwenye mali ni yuleyule, afisa3. Kilichobadilika ni safu ya kundi. Hapo ndipo penye faida, na hapo ndipo penye balaa: ukisahau kwamba bado umo ndani ya *newgrp*, barua zako binafsi nazo zitaandikwa kwa jina la zabibu, na kama ruhusa zinaruhusu, ofisi nzima itazisoma.

Kama umewekwa kwenye makundi mawili kwa mpigo, *newgrp zabibu* itakupa zabibu peke yake. La pili itakubidi uliite nalo, au uandike *su - afisa3*, uweke neno lako la siri, upate programu ya amri yenye makundi yote mapya. Kesho yake asubuhi ukiingia kama kawaida, yote haya hutayahitaji.

Kuhusu msimamizi aliye Dar: mwambie akupunguzie safari za simu. Kuna amri *gpasswd -A afisa1 zabibu*. Akiiandika yeye mara moja, mkuu wenu wa kitengo mwenye akaunti ya afisa1 anakuwa mwangalizi wa kundi hilo. Baada ya hapo ataweza mwenyewe kuongeza mtu kwa *gpasswd -a afisa7 zabibu* na kumtoa kwa *-d*, bila kupewa funguo za mfumo mzima. Sielewi kwa nini ofisi nyingi hazitumii kitu hiki.

SWALI: Habari za kazi dada. Mimi ni mwalimu wa kompyuta kwenye sekondari moja wilayani Kongwa. Tuna seva ndogo ya Linux, wanafunzi wa kidato cha tatu wanaandika mradi kwa makundi. Nimewatengenezea folda /mradi/mtanana. Mmoja akihifadhi faili, wenzake wanaliona lakini hawawezi kulihariri. Nimewafundisha waandike *newgrp mtanana* kabla ya kuanza, na nimebandika karatasi ukutani. Wanasahau. Nifanyeje, niwape adhabu? — *Mwalimu, Kongwa*

JIBU: Salama, mwalimu mwenzangu. Waache watoto wa watu. Mpango unaotegemea watu thelathini kukumbuka amri moja kila asubuhi ni mpango mbovu hata wakiwa na akili namna gani. Toa karatasi ukutani, kazi hiyo ipe folda.

    # chgrp -R mtanana /mradi/mtanana
    # find /mradi/mtanana -type d -exec chmod 2770 {} +
    # find /mradi/mtanana -type f -exec chmod 660 {} +

Ile 2 ya mwanzo kwenye 2770 ndiyo dawa. Folda yenye alama hiyo hulazimisha kila faili jipya ndani yake lichukue kundi la folda, si kundi kuu la mwanafunzi. Folda ndogo zitakazotengenezwa humo zitarithi alama yenyewe. Ukiandika *ls -ld /mradi/mtanana* utaona herufi s mahali ambapo ungetarajia x ya kundi:

    drwxrws--- 5 root mtanana 4096 Mar  4 10:40 /mradi/mtanana

Wanafunzi wawe wamo kwenye kundi la mtanana na waingie upya, kama nilivyomwambia wa Area D. *newgrp* hawataihitaji tena.

Lakini usishangilie mapema. Alama hiyo inarekebisha jina la kundi, hairekebishi ruhusa. Mwambie mwanafunzi mmoja aandike *umask* (amri inayoonyesha ruhusa zinazoondolewa kwenye kila faili jipya) na abonyeze Enter. Ikijibu 0022, faili lake jipya litakuwa na kundi sahihi, ila kundi litaweza kusoma tu, na mtarudi kwenye kilio kilekile. Mnataka 0002, au 0007 kama hamtaki wa nje wasome. Unaweza kuibadilisha kwa wote kwenye mipangilio ya kuingia, lakini kwa shule ningependelea ruhusa za kurithi, kwa sababu zinakaa kwenye folda na hazigusi faili zao nyingine:

    # setfacl -R -d -m g:mtanana:rwX /mradi/mtanana

Herufi d hapo ndiyo inayosema "vitu vitakavyozaliwa humu". Vilivyopo tayari umeshavishughulikia kwa *chmod* hapo juu.

Kuna mtego mmoja wa mwisho, na nakuhakikishia utakukuta. Mtoto ataandika faili kwenye folda yake ya nyumbani kisha atalihamisha kwa *mv*, au atalikokota kwa kipanya. Faili lililohamishwa halijazaliwa ndani ya folda ya mradi, kwa hiyo linakuja na kundi lake la zamani na ruhusa zake za zamani. Anayenakili kwa *cp* anazaa faili jipya, na hilo linapata kundi la folda. Isipokuwa *cp -p* na *cp -a*, ambazo zimetengenezwa makusudi zihifadhi mambo ya awali. Wafundishe kunakili. Angalau hilo wakilisahau, mwenye faili anaweza kujirekebishia kundi mwenyewe kwa *chgrp mtanana* na jina la faili. Mfumo unamruhusu mwenye mali kulipeleka faili kwenye kundi lolote alilomo.

SWALI: Shangazi, nimeandika skripti ya kukusanya bei za mahindi za soko la Kibaigwa kila jioni na kuziweka kwenye folda ya kundi la bei. Mstari wa pili ni *newgrp bei*. Nikiiendesha kwa mkono inagota hapohapo, haisemi kitu. Nikiiweka kwenye cron (inayoendesha kazi kwa saa zilizopangwa) inamaliza, lakini faili linatoka na kundi langu binafsi. — *Kijana wa Kibaigwa*

JIBU: Haijagota, inakusubiri wewe. *newgrp* imewasha programu mpya ya amri, nayo imekaa inangoja uandike. Ungeandika *exit*, mistari iliyobaki ingeendelea, kwa kundi lako la zamani. Kwenye cron hakuna mtu wa kuandika, hivyo hiyo mpya inakuta hakuna cha kusoma, inajifia papo hapo, na skripti inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Tumia ndugu yake, *sg*:

    sg bei -c '/home/wewe/bin/kusanya_bei.sh'

Inaendesha kazi hiyo moja chini ya kundi la bei na kumaliza. Mstari wa *newgrp* ndani ya skripti ufute. Na kama folda ni ya kwako kuipanga, msome mwalimu wa Kongwa hapo juu, utaachana na *sg* pia.

SWALI: Shikamoo shangazi. Nikiandika *newgrp uhasibu* naulizwa neno la siri. Nimeweka langu, imekataa. Nimeweka la mkuu wangu (alinipa mwenyewe), imekataa. Hilo ni neno la siri la nani? — *Mhasibu msaidizi, Makole*

JIBU: Marahaba. Kwanza, mkuu wako asirudie kukupa neno lake la siri, na wewe ukipewa ukatae kwa adabu.

Linaloulizwa ni neno la siri la kundi lenyewe. Makundi nayo yanaweza kuwekewa, kwa *gpasswd uhasibu*, na linahifadhiwa kwa kificho kwenye /etc/gshadow. Aliyemo kwenye kundi haulizwi, anapita tu. Ukiulizwa, maana yake wewe humo kwenye orodha. Na usidanganyike kwamba kwa kuwa umeulizwa, basi neno lipo: mara nyingi swali linatokea hata kama kundi halikuwekewa neno lolote, na hapo chochote utakachoandika kitakataliwa. Acha kubahatisha, mwombe msimamizi akuongeze.

Msimamizi wako akitaka kukutatulia kwa kuweka neno la siri la kundi, mwambie shangazi amekataa. Hata mwongozo wa *gpasswd* wenyewe unakiri kwamba maneno ya siri ya makundi ni tatizo la usalama kwa asili yake, kwa kuwa yanajulikana na zaidi ya mtu mmoja. Baada ya mwezi litakuwa limeandikwa chini ya kibodi, na aliyehamishiwa Singida bado atalikumbuka. Aandike *gpasswd -R uhasibu*, mlango wa neno la siri ufungwe, wabaki wanaotajwa kwenye orodha tu.

SWALI: Shangazi nisaidie haraka! Mimi ndiye msimamizi wa seva ya ofisi yetu hapa Nkuhungu. Nilitaka kujiongeza kwenye kundi la ghala, nikaandika *usermod -G ghala* na jina langu. Sasa *id* na jina langu inaonyesha sudo, kundi la wanaoruhusiwa amri za msimamizi, haipo. Akaunti ya root (yenye mamlaka yote) haina neno la siri. Bado sijatoka. — *Msimamizi, Nkuhungu*

JIBU: Nilikujibu kwa simu siku ileile, lakini naichapisha maana wewe si wa kwanza na hutakuwa wa mwisho. *-G* peke yake inasema "makundi yangu ya ziada yawe haya tu", na mengine yote yanafutwa. Ya kuongeza ni *-aG*.

Kilichokuokoa ni "bado sijatoka". Orodha ilikuwa imeshabadilika, lakini dirisha lako lilikuwa bado limebeba sudo ya asubuhi, na *sudo* kwa mipangilio ya kawaida inatazama makundi ambayo mchakato umeyabeba. Ndiyo maana *sudo usermod -aG sudo* na jina lako ilikubali. Ungefunga dirisha na kutoka kwa hasira, ingebidi uwashe mashine upya, uchague hali ya uokoaji kwenye menyu ya GRUB (inayotokea mashine inapowaka), uingie kama root, uandike *mount -o remount,rw /* na kurekebisha humo, huku ofisi nzima imekusimamia kichwani.

Ila jambo hilohilo ligeuze upande wa pili, kwa sababu uliniambia kuna mfanyakazi aliyeondoka mwezi uliopita na ukamtoa kwenye makundi yote. Je, ulifunga vipindi vyake? Kama aliacha tmux au muunganisho wa mbali ukiwa hai, michakato hiyo bado ina makundi yake ya zamani, haijali umeandika nini kwenye /etc/group. Andika *ps -u* na jina la akaunti yake uone kilichobaki. Kikiwepo kitu, *loginctl terminate-user* na jina hilohilo, kisha uifunge akaunti kwa *usermod -L -e 1*, maana *-L* peke yake inazuia neno la siri tu na haimzuii anayeingia kutoka mbali kwa ufunguo wa SSH. Crontab yake (orodha ya kazi zake za cron) nayo iangalie kwa *crontab -l -u*.